Yemen: Njaa Mbele ya Duka Lililojaa

Katika mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki ni nadra kumpata mtu mzima asiyeijua Yemen, japokuwa hajapata kuitia machoni. Maana kahawa tuinywayo barazani ilienea ulimwenguni kwa jina la bandari yake ya Mocha, na majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi kushusha papa, chumvi na tende Mombasa na Unguja, kisha yakarejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko, mengine yalikuwa ya Mukalla na Shihri, na Washihiri waliobaki kwetu, wakawa mahamali, wauza kahawa na wenye maduka, pamoja na masharifu waliosomesha Lamu na Unguja, aghalabu nasaba zao hurejea katika mabonde ya Hadhramaut. Basi Umoja wa Mataifa ulipokadiria mwaka 2025 kwamba watu milioni 19.5 wa nchi hiyo, yaani takriban nusu ya wananchi wote, hawawezi kuishi pasipo msaada, habari hiyo ilitufikia kama habari ya jamaa.

Vita vyenyewe nitavieleza kwa ufupi, kwa kuwa msomaji anayetaka habari za majemadari na mapatano atazipata kwingine. Mwezi wa Septemba 2014 Wahouthi, kundi lililoanzia katika milima ya Saada upande wa kaskazini, waliuteka mji mkuu wa Sana'a. Rais Abdrabbuh Mansur Hadi akakimbilia Aden na kisha Riyadh. Na tarehe 26 Machi 2015 ndege za muungano ulioongozwa na Saudia pamoja na Falme za Kiarabu zikaanza kushambulia. Tangu hapo nchi imegawanyika, nyanda za juu zenye watu wengi zikiwa mikononi mwa Wahouthi, na Aden pamoja na sehemu kubwa ya kusini na mashariki zikiwa upande wa serikali inayotambuliwa na mataifa na washirika wake, ambao wenyewe kwa wenyewe hawapatani daima. Suluhu ya Aprili 2022 ilipunguza mapigano makubwa, na ingawa muda wake uliisha Oktoba mwaka huo huo bila kuongezwa, mizinga haikurejea kunguruma kama zamani. Lakini watu walizidi kudhoofika hata baada ya mizinga kunyamaza, na sababu yake ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Nina jirani yangu, mzee wa Kishihiri aliyezaliwa hapa hapa mjini, ambaye binti wa ami yake aliolewa Hodeida, mji wa bandari ulio katika Bahari ya Shamu. Siku moja nilimkuta barazani na buli lake la kahawa, nikamwuliza, "Ami, huko kwenu watu wanapata chakula?" Akakitua kikombe chini, akanitazama kama mtu aliyekwisha ulizwa swali hilo mara nyingi. "Chakula kipo, mwanangu," akasema. "Duka liko mlangoni pa binti wa ami yangu, limejaa unga, mchele, mafuta na maziwa ya kopo. Cha kununulia ndicho hana. Kila asubuhi hulipita duka hilo akienda kuteka maji."

Maneno ya mzee huyo yanafaa kushikwa vizuri, kwani wengi wetu tukisikia njaa huona katika fikira zetu mashamba yaliyokauka na ng'ombe waliokufa malishoni, ilhali njaa ya Yemen kwa sehemu kubwa ni njaa ya bei, ya mshahara usiolipwa na ya njia iliyofungwa. Njia nyepesi ya kuielewa ni kulifuata gunia moja la ngano kutoka baharini mpaka jikoni, na kutazama ni nini vita vinachukua katika kila kituo.

Gunia hilo halikutoka Yemen. Nchi hiyo, ambayo wakulima wake wa kale walichonga milima ikawa ngazi za mashamba ya mtama na kahawa, huagiza kutoka ng'ambo takriban asilimia 90 ya ngano inayoliwa humo, kwa kuwa mvua ni chache, visima vinazidi kwenda chini, na sehemu si haba ya ardhi na maji imepewa mirungi, ambayo humletea mkulima fedha za haraka kuliko nafaka. Kwa hiyo ngano husafiri kwa meli kutoka nchi za mbali, na vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka mwaka 2022, mwoka mikate wa Sana'a alivisikia katika tanuri lake kabla hajavisikia katika redio.

Kituo cha kwanza ni gati ya Hodeida. Katika bandari hii na ile ndogo ya Saleef iliyo jirani yake, ndiko kulikopita karibu asilimia 70 ya bidhaa zote zilizoingia Yemen. Agosti 2015 ndege za muungano zilizishambulia winchi zake kubwa za kushushia shehena, zikaharibika, na meli zikawa zinashusha mizigo kwa vyombo vyao wenyewe, polepole, huku nyingine zikingoja nje siku nyingi. Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ukanunua winchi nne za magurudumu. Meli iliyozileta ikarudishwa njiani Januari 2017, na ikapita mwaka mzima mpaka ziliporuhusiwa kuingia, Januari 2018. Msomaji aliyepata kufanya kazi bandarini anajua hesabu yake, kwamba meli inayongoja hulipiwa kila siku inayokucha, bima ya kuingia maji ya vita ni ghali, na ukaguzi ambao Umoja wa Mataifa huufanya huko Djibouti ili kuzuia silaha zisipite nao huchukua wakati. Na gharama zote hizo, pasina kubakia hata moja, hujumlishwa katika bei ya gunia. Baadaye, Wahouthi walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, na ndege za Israel zikaja Julai 2024 na kuyachoma matangi ya mafuta ya Hodeida, bandari iliyokuwa ikichechemea ikapigwa tena mguu ule ule.

Mashariki ya mji huo viko vihenge vya kiwanda kiitwacho Red Sea Mills, na hapo ningependa tutue kidogo, kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Septemba 2018 mapigano yalipoufikia ukingo wa mji, ndani ya vihenge hivyo mlikuwa na tani 51,000 za ngano ya WFP, kiasi cha kuwalisha watu milioni 3.7 kwa mwezi mmoja. Upande mmoja ulikuwa na askari wake kiwandani, upande wa pili ulikuwa na askari wake barabarani, na baina yao mabomu ya ardhini. Hivyo ngano ikakaa gizani, miezi mitano na ushei, na watu wa mji ule ule wakilala na njaa huku vihenge wanaviona kwa macho. Januari 2019 makombora yakaviwasha moto viwili. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walipofika mwishowe, Februari mwaka huo, waliikuta ngano imeingia fukusi. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi mwenye ghala anajua fukusi afanyalo: punje huonekana nzima kwa nje, ukiitia mkononi ni nyepesi, na ukiipepeta hubaki ganda na vumbi. Ilibidi ipulizwe dawa na kusafishwa kwanza, na hata iliposagwa ilitoa unga mchache kuliko ilivyostahili. Hakuna ukame uliofanya hayo, wala nzige. Kilichokosekana ni idhini ya watu wenye bunduki, ya kupita maili chache.

Tuseme basi gunia letu limesalimika, limetoka gatini, limepandishwa katika lori. Huko njiani lina vizuizi vya kulipa, vya kila mwenye bendera yake, na mara nyingi forodha ya pili pale linapotoka katika himaya ya upande mmoja na kuingia ya upande mwingine. Kisha lakutana na jambo ambalo kwa mfanyabiashara ni zito kuliko vizuizi vyote, nalo ni kwamba nchi moja ina fedha mbili. Septemba 2016 serikali iliihamisha Benki Kuu kutoka Sana'a kwenda Aden, ikachapisha noti mpya; Wahouthi wakazikataa noti hizo na mwishoni mwa 2019 wakapiga marufuku kuzitumia katika maeneo yao. Kabla ya vita dola moja ilikuwa riali 215. Mwaka 2025 Sana'a, kwa noti za zamani zilizochakaa mpaka kubandikwa kwa karatasi ya gundi, dola ilishikiliwa katika riali mia tano na zaidi kidogo, ilhali Aden, mwaka huo huo, ilipata kupita riali 2,000. Mwenye duka anunuaye ngano kwa dola hana hiari ila kupandisha bei, na mwanamke aliyeweka akiba yake ndani ya kitambaa huamka asubuhi akaikuta idadi yake ni ile ile na unga wake umepungua.

Na huyo ni mwenye akiba. Benki ilipohamishwa, mishahara ya watumishi wa serikali, ambao walikuwa kama milioni 1.2, ilikatika kwa wengi wao, hususan walioko kaskazini, au ikawa inatolewa nusu nusu na kwa miezi ya kuruka. Walimu peke yao ni zaidi ya 170,000 walioathirika hivyo. Mshahara mmoja wa mwalimu katika nchi ile haukuwa wa mtu mmoja. Ulilisha wazazi, ndugu wasio na kazi, na mjane wa kaka. Ukikatika, huanguka aila nzima, na pamoja nao huanguka muuza maziwa na fundi viatu waliokuwa wakimkopesha wakitaraji mwisho wa mwezi. Ndiyo maana wajuzi wengi wa mambo haya husema, nami nakubaliana nao kwa moyo wote, kwamba kulipa mishahara ya walimu na wauguzi kungepunguza njaa Yemen kuliko shehena nyingi za unga, kwa kuwa unga ulikwisha fika dukani.

Aila iliyofikia hapo ina utaratibu wake wa kushuka ngazi, na ni ule ule popote: kwanza nyama huondoka, kisha samaki, kisha mboga, halafu mlo wa mchana, kisha huuzwa pete na bangili za mama, kitanda, mbuzi, mwisho watu wazima hulala bila kula ili watoto wapate mkate na chai. Mkate na chai hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) lilisema mwaka 2025 kwamba kati ya kila watoto wawili wa Yemen walio chini ya miaka mitano, mmoja ana utapiamlo.

Namna ya kuutambua utapiamlo mkali ni rahisi hata humshangaza aionaye mara ya kwanza. Mhudumu huchukua utepe wenye rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu, akauzungusha katika mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, akauvuta taratibu usikaze wala usilegee. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, utepe huonyesha nyekundu. Na sentimita 11.5 ni mzingo wa ndimu ndogo. Mtoto huyo, kama bado ana hamu ya kula na hana maradhi mengine, hupewa pakiti za chakula dawa, yaani karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, kila pakiti gramu 92 yenye nguvu ya kalori 500, ambayo haihitaji moto wala maji, jambo kubwa katika nyumba isiyokuwa na kuni wala maji safi. Juma baada ya juma mkono hurudi kunenepa. Lakini mtoto asiyeweza kula, aliyevimba miguu au mwenye homa, lazima alazwe, na hapo ndipo wengi hupotea, si kwa kukosekana tiba, ila kwa kukosekana nauli. Kwani hospitali iko mbali, takriban nusu ya vituo vya afya vya nchi havifanyi kazi au vinafanya kwa sehemu tu, na mama mwenye watoto wengine watano hana wa kumwachia.

Maji nayo yana hadithi yake. Miji ya Yemen hunywa maji ya visima virefu, na kisima kirefu hakitoi maji ila kwa pampu, na pampu haizunguki ila kwa dizeli au umeme. Novemba 2017, baada ya kombora la Wahouthi kurushwa Riyadh, muungano ulizifunga bandari na viwanja vya ndege vyote, na katika siku chache pampu za Hodeida, Saada na Taiz zikanyamaza kwa kukosa mafuta. Kabla ya hapo, mwaka ule ule, mitambo ya kusafishia maji machafu ilikuwa imekwisha simama, na wazoa taka wa Sana'a, ambao hawakulipwa, walikuwa wamegoma, na taka zikarundikana mpaka mvua za Aprili zikazisomba na kuziingiza katika mabirika na visima. Kipindupindu kilichokuwa kimeanza Oktoba 2016 kikalipuka, na kabla ya mwaka 2017 kwisha wagonjwa walioshukiwa kuwa nacho walikwisha pita milioni moja, idadi ambayo haikuwa imepata kuandikwa kwa nchi moja kwa muda mfupi kama huo. Na walioaga dunia walizidi 2,200. Wanazuoni walioichunguza bakteria yenyewe walieleza mwaka 2019 kwamba aina iliyowapiga Wayemeni ilikwisha onekana kwetu Afrika ya Mashariki kabla ya kuvuka bahari. Bahari iliyotuletea kahawa hupeleka na maradhi vile vile.

Hata hivyo nataka msomaji apime jambo hili: katika wagonjwa milioni, waliokufa walikuwa kama wawili katika kila elfu. Hiyo ni kazi ya wauguzi na matabibu waliokaa miezi bila mshahara, wakiwalaza wagonjwa sakafuni na katika mahema, wawili wawili kitandani, dripu zikitundikwa katika misumari na matawi ya miti, na waliobaki wakinyweshwa maji ya chumvi na sukari kijiko baada ya kijiko. Na wenzao wengine walikuwa wameuawa kazini hata kabla ya hapo. Hospitali ya Abs, iliyokuwa ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, ilipigwa kwa ndege Agosti 2016, wakafa watu 19.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipokadiria idadi ya waliokufa kwa ajili ya vita hivi mpaka mwisho wa 2021 walipata watu 377,000, na kiasi cha asilimia 60 yao hawakuuawa kwa risasi wala bomu, bali kwa njaa, kwa maradhi yenye tiba na kwa maji machafu. Wengi wao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Hawa ndio hawaingii katika habari za vita, kwa kuwa kifo chao hakina mlio.

Ama msaada wenyewe, umefanya mengi, na pasipo huo hesabu hiyo ingekuwa kubwa zaidi. Lakini umezongwa pande zote. Mwaka 2018 WFP iligundua kwamba chakula chake huko Sana'a kilikuwa kikiibiwa na kuuzwa sokoni ilhali majina ya wenye haki yamo daftarini. Ikazozana miaka na watawala juu ya nani aandikishwe na kwa njia gani. Na Desemba 2023 ikasimamisha ugawaji wa jumla katika maeneo ya Wahouthi, kwa uchache wa fedha na kwa kukosa mapatano. Tangu Juni 2024 Wahouthi wamewakamata wafanyakazi kadhaa wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika mengine, wengi wao Wayemeni, na mmoja wao, mtumishi wa WFP, alifia kizuizini Februari 2025. Kuwafunga wanaobeba unga ni dhuluma isiyo na udhuru, kama ilivyokuwa dhuluma kuzivunja winchi za kuushushia. Mwaka huo huo wa 2025 ziliombwa dola karibu bilioni 2.5, na Marekani, iliyokuwa mtoaji mkubwa, ikapunguza mkono wake. Kilichopatikana hakikufika hata nusu.

Jirani yangu yeye hakungoja mashirika. Kila mwisho wa mwezi huenda kwa mtu wa hawala, akatoa alichojaliwa, na kabla hajataja kiasi humpigia simu binti wa ami yake, na baada ya salamu swali lake ni moja: gunia ni kiasi gani leo.

Ama juu ya njia iliyofungwa niliyoitaja mwanzoni, uko mji wa Taiz, kusini magharibi, mji wa wasomi na wa viwanda vya biskuti na sabuni, ambao mstari wa vita uliupita katikati tangu 2015. Kutoka mjini kwenda kitongoji cha Hawban ilikuwa safari ya robo saa. Barabara ilipofungwa, watu na magunia wakawa wanazunguka kwa njia za mlimani, saa tano, saa sita, malori yakipinduka makorongoni, na mjamzito aliyeshikwa na uchungu akipitishwa njia hiyo hiyo. Juni 2024 barabara ya Hawban ilifunguliwa. Hakuna meli iliyoletwa wala fedha iliyoombwa. Viliondolewa vizuizi, yakateguliwa mabomu yaliyoonekana, na watu waliokuwa wakiishi umbali wa kuitana kwa sauti, na hawakuonana miaka tisa, wakakutana katikati ya njia wakilia. Lakini visima vikubwa vya kuulisha mji maji vilibaki upande wa pili, na mabomba yake makavu. Na asubuhi, katika vichochoro vya Taiz, watoto waliotakiwa wawe darasani walikuwa wamepanga madumu yao ya manjano ardhini, moja nyuma ya jingine, wakilingojea lori la maji.